Geuza Baiskeli Uione Chini

Nimestaafu tangu masika yaliyopita. Watu wa Hamugembe waliniambia kwamba fundi baiskeli hastaafu, hufa tu. Nikawajibu kwamba mgongo wangu ndio uliostaafu, mimi nimeufuata. Sasa ninyi vijana mliobaki na karakana mmeniomba niandike maneno ya kuwaongoza, hasa kuhusu hawa wateja wapya wanaotaka baiskeli yao ya kwanza yenye shokapu mbele na nyuma, ya kupanda na kushuka njia za milimani kwa kujifurahisha. Naandika, ingawa najua mtasoma mistari mitatu kisha mtarudi kwenye simu kumtazama Mzungu akiruka jabali.

Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili, fundi na asiye fundi, na nilipata cha kwanza baada ya kung'ang'ania cha pili kwa miaka miwili.

Nilifika kwa mwenye karakana, mzee Novati, au Ta Novati kwa heshima ya kwetu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, nikiwa na majivuno ya kidato cha nne, ambayo kwetu Bukoba ni makubwa kuliko majivuno ya profesa mahali pengine. Ta Novati alikuwa mtu mfupi mwenye viganja vipana. Hakukosa misa ya asubuhi hata siku moja, na sikumwona akimsamehe mteja hata mmoja. Nilimwambia kwamba baiskeli naijua tangu utotoni. Akanipa kitambaa na baiskeli nyeusi iliyotapakaa tope la Kibeta, akaniambia niifute. Nikaifuta mpaka nikajiona uso kwenye rimu. Yeye akaja, akaigeuza miguu juu, akanionesha udongo uliokauka chini ya fremu, pale pedali zinapopita.

"Umefuta panapoonekana," akasema. "Kweli wewe umesoma."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Ta Novati alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Kila alipomaliza kazi kubwa aliigeuza baiskeli, akachukua tupa ndogo ya pembe tatu, akakata alama moja fupi chini ya fremu, mahali ambapo mteja hatazami hata siku moja. Baada ya miaka ile miwili aliniruhusu kuwa na alama yangu, mikato mitatu iliyopangana. Nilimuuliza ina faida gani. Kama ni tangazo, mbona tunaificha?

"Si ya sifa," alisema. "Sifa zinaijua njia zenyewe. Hii ni ya aibu. Siku kazi yako ikivunjika, aibu isipotee njia. Ije kwako moja kwa moja."

Nilicheka moyoni. Nilikuwa kijana, na sikutegemea aibu yoyote.

Miaka ilienda. Ta Novati alifariki, karakana ikabaki mikononi mwangu, na baiskeli zenye shokapu zikaanza kuingia. Za kwanza zilikuwa takataka. Zilikuja mpya, zina rangi kama vitenge vya sherehe, na katikati ya fremu zimewekwa springi ya kitanda iliyojiita shokapu. Ukikanyaga pedali, baiskeli inainama na kuinuka, nguvu zako zote zinaishia kwenye springi, na wewe uko palepale. Watu walizigombania. Mhaya akishaona kitu jirani hana, huwa hakiulizi kama kinafanya kazi.

Kisha zikaja za mtumba kupitia mpaka wa Mutukula, na ndani ya mafungu hayo zilijificha baiskeli za mlimani za kweli, fremu za aluminiamu, shokapu za upepo. Mimi sikuzijua. Nilizitazama kama mtu anavyomtazama askofu aliyevaa kaptula.

Moja ya hizo aliinunua Ta Laurian, mkulima mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa. Aliifunga keria nyuma, akaipakia ndizi kwenda sokoni. Wiki haikuisha akaniletea, amekasirika.

"Respicius, hii kitu inanesa, waitu, ndugu yangu. Nikipakia mikungu mitatu inakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Nitengenezee isimame kiume."

Mtu mwenye akili angemwambia baiskeli hii haikuumbwa kubeba ndizi, nenda katafute ile nyeusi ya chuma aliyoendesha baba yako. Mimi nikafungua shokapu, nikaitupa kwenye sanduku. Nikakata kipande cha bomba kutoka kwenye kitanda kibovu, nikakitoboa pande zote mbili, nikakipaka rangi nyeusi na kukifunga mahali pa shokapu. Baiskeli haikunesa tena. Ta Laurian aliipakia mikungu minne mbele ya watu, na wote wakasema Respicius ni injinia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miaka iliyofuata nilitengeneza nyingine kama kumi hivi, na chini ya kila moja nikakata alama zangu tatu kwa fahari kubwa. Shokapu moja niliyoing'oa niliiweka kuzuia mlango wa karakana usijifunge.

Hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Nikachukulia huo kuwa ushahidi.

Baadaye wakaja waendeshaji wa njia. Walimu, wauguzi, karani mmoja wa mahakama, Wakatoliki kwa Walutheri, walikutana kila Jumapili wakisubiriana misa na ibada ziishe, kila upande ukiulaumu mwingine kwa mahubiri marefu. Walipita vichochoro vya migombani, wakapanda vilima na kushuka makorongo, wakarudi wamechubuka na wanacheka. Niliwadharau. Mtu mzima anapanda mlima asikokuwa na shamba wala mgonjwa wa kumwona! Lakini walivunja vitu vingi, na mimi ndiye niliyevitengeneza, kwa hiyo dharau yangu niliiweka mfukoni.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Adelina, anayefundisha fizikia sekondari huko Muleba. Huyu hakuwa na maneno mengi. Siku moja aliniletea kitabu cha maelekezo alichokichapisha mwenyewe, kurasa nyingi zenye picha, kinachoeleza shokapu ya nyuma na fremu yake. Nilikisoma polepole kwa siku kadhaa. Kwenye ukurasa mmoja niliona mishale inayoonesha mzigo unavyopita kwenye fremu ikiwa shokapu inafanya kazi, na unavyoigonga sehemu moja tu ikiwa shokapu imekufa. Palepale nilielewa nilichokuwa nikikifanya kwa kile kipande cha kitanda. Aluminiamu haipindi ikakuonya. Hupasuka kimya kimya, halafu siku moja hukatika.

Niliinuka, nikaiondoa ile shokapu mlangoni, nikaificha chini ya meza. Sikutengeneza bomba jingine. Lakini sikumwambia mtu. Kati ya wateja wale kumi niliwajua angalau watatu ambao ningeweza kuwafuata majumbani mwao, na sikuwafuata. Niliona aibu, na niliificha kwa kuwacheka wengine.

Na nyenzo za kucheka zilikuwepo. Kijana mmoja wa ofisini, mkazi wa Kibeta, alinunua baiskeli ya kurukia majabali, shokapu zinazozama sentimita kumi na nane, ili apande nayo lami hadi kanisani. Alifika ameloa kama aliyebatizwa upya. Mwingine alichagua kwa kuhesabu gia, akadhani thelathini ni bora kuliko kumi na mbili. Mwingine alitaka inayofanana na viatu vyake. Mwingine alinunua fremu ya mtu mrefu kwa sababu ilikuwa imebaki hiyo tu, akawa anaendesha amenyoosha mikono kama anayeomba msamaha. Hawa wote walikuwa na shahada.

Basi andikeni haya mahali msipoyapoteza. Mteja akija, swali la kwanza alilotufundisha Ta Novati ni hili: unatoka wapi, unakwenda wapi? Kama anakwenda lami, mrudishe nyumbani. Kama atafunga keria, mfukuze. Kama kweli anakwenda njia za hapa, zenye mizizi, mawe na udongo mwekundu unaoteleza, shokapu za sentimita kumi na tatu au kumi na nne zinamtosha, na atabaki na pumzi ya kupanda. Asimame juu ya fremu kwanza. Isipomkaa, hakuna shokapu itakayomwokoa. Akiikalia, shokapu ya nyuma izame kama robo ya urefu wake, mtaiona kwa ile pete ndogo ya mpira inayosukumwa kwenye nguzo ya shokapu. Isipozama, imejazwa upepo mno. Ikizama nusu, imepungukiwa. Na awe na pampu yake ya shokapu, ile nyembamba yenye saa ya kupimia upepo, si hii ya tairi mnayompa mkimdanganya kwamba ni sawa.

Kama ni ya mtumba, nyanyua nyuma kwa siti kisha uiachie kidogo. Ukisikia kugonga, beringi za maungio zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Pitisha ukucha kwenye nguzo zinazong'aa za shokapu. Ukucha ukikwama, mafuta yatavuja. Breki ziwe za diski za mafuta, kwa sababu tope letu hutafuna kila kitu. Tairi ziwe za ukubwa unaopatikana hapa mjini, asije akasubiri tairi moja mpaka msimu wa senene. Rangi itazameni mwisho. Vizuri vyajiuza, vibaya vyajitembeza, na baiskeli mbaya hujitembeza kwa rangi.

Haya yote niliyasema kila Jumapili mbele ya wale waendeshaji, kwa sauti, na neno la mwisho lilikuwa daima lile la Ta Novati: igeuze uione chini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwalimu Adelina alianguka kwenye njia inayoshuka kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe. Alikuwa na baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma. Gurudumu lilidunda kwenye jiwe likamtupa. Alivunjika mfupa wa bega, akafungwa sahani ya chuma. Daktari alimwambia mfupa ule ukivunjika tena palepale hautaunga vizuri, na mkono hautainuka juu ya kichwa. Fikirieni mwalimu asiyefika juu ya ubao. Mume wake, mtu mpole, alimwambia ana ruhusa ya baiskeli moja nyingine tu. Akianguka tena kwa sababu ya chombo kibovu, habari ya milima imekwisha. Adelina alitaka ile njia. Aliniambia wazi kwamba hawezi kufundisha watoto habari za nguvu na mwendo huku anaogopa mteremko.

Alipata baiskeli kwa mchuuzi mmoja huko Muleba, akaileta karakana siku ya Jumamosi. Ninyi wawili mlikuwepo. Mlipiga nayo picha kabla hamjaigusa pedali. Ilikuwa ya kijivu, imepakwa rangi upya, shokapu mbele na nyuma zinang'aa. Sentimita kumi na nne. Fremu ilimkaa kama imeshonwa. Nilinyanyua siti, hakuna kugonga. Nikatikisa gurudumu, limetulia. Ukucha ulipita bila kukwama. Alipoikalia, pete ilishuka robo kamili. Watu walikuwa wamejaa, na mimi nilikuwa natamba.

"Mwalimu, chukua," nikasema. "Hii haina maneno. Hawa wengine wangekuchagulia ya njano."

Mkacheka. Yeye hakucheka.

"Na chini, Ta Respicius?"

Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyewatukana watu kwa hilo miaka yote, nilikuwa nimefuta panapoonekana. Akaigeuza mwenyewe kwa mkono mzima. Rangi ya kijivu ilikuwa nzito chini pale, lakini niliona vishimo vitatu vilivyopangana. Nikapitisha kidole. Nilivijua kama ninavyoyajua meno yangu.

Mchuuzi, au mwingine kabla yake, alikuwa amelitoa bomba langu na kurudisha shokapu nzuri. Shokapu ilikuwa nzima. Fremu ndiyo iliyobeba ndizi miaka mingi juu ya kile kipande changu cha kitanda.

Nitawaambia nilichowaza, kwa sababu nimezeeka na sina haja ya kujipamba. Niliwaza kunyamaza. Hakuna aliyejua maana ya vile vishimo isipokuwa mimi na marehemu Ta Novati. Ningeweza kusema nimeghairi, beringi sizipendi, ningepata sababu yoyote na mngeniamini, kwa kuwa ninyi huamini lolote linalosemwa kwa ukali. Niliwaza pia kwamba huenda fremu ni nzima. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kwa muda wa pumzi tatu hivi nilikuwa tayari kumwacha ashuke Kamachumu juu ya huenda.

Nikachukua kisu. Nikakwangua rangi pale shokapu inaposhikana na fremu. Chini ya rangi kulikuwa na puti ya kuzibia, na chini ya puti ufa unaoingia ukucha, umezunguka nusu ya bomba la fremu.

"Hii fremu imekufa," nikasema. "Na niliyeiua ni mimi. Hizo alama ni zangu."

Nikamweleza yote, bomba la kitanda, mikungu ya ndizi, sanduku la shokapu, wale wateja wengine kumi, na tupa ya Ta Novati na neno lake kuhusu aibu. Mmoja wenu alikuwa bado ameshika simu juu, akaishusha.

Mwalimu aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyenakili jibu.

"Mwaka ule nilipokuletea kile kitabu, ulilijua hili?"

"Nililijua."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Mwalimu."

"Wenzangu walichagua kwa rangi, ukawacheka," akasema. "Wewe ulichagua kunyamaza. Afadhali rangi."

Alitoka akiisukuma ile maiti ya kijivu kumrudishia mchuuzi. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Na wale wengine kumi?"

Nilikwenda kuwatafuta. Ilinichukua wiki nyingi. Baadhi ya baiskeli zilikuwa zimeuzwa nisijue wapi. Moja niliambiwa ilivushwa ziwa hadi kisiwa cha Bumbire na mvuvi aliyeibadilisha kuwa kitu kingine kabisa. Mbili nilizikuta na nyufa nikazizuia zisiendeshwe tena. Mtu mmoja alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na alikuwa akiwaambia watu kwamba alipigwa teke na ng'ombe. Nilimwomba msamaha. Alinijibu kwamba simulizi ya ng'ombe imeshazoeleka, nisimharibie.

Ta Laurian nilimkuta kibanjani. Fremu yake ilikatika zamani. Alikuwa ameitumia kuutegemeza mgomba ulioelemewa na mkungu.

"Mbona hukuja kuniambia?" nikamuuliza.

"Ningesemaje, waitu?" akasema. "Nilishawaambia wote kwamba ni baiskeli ya Ulaya."

Nilisimama pale nikiitazama ile fremu chini ya mgomba. Yeye alificha kwamba amenunua kitu kibovu, mimi nikaficha kwamba nimekitengeneza kibovu, na kati ya majivuno yetu wawili mwanamke mmoja alikaribia kupoteza mkono. Sijawahi kujidharau namna ile.

Miezi miwili baadaye Mwalimu Adelina alirudi. Alikuwa na baiskeli nyingine, ya kijani iliyofifia, mbaya kuitazama. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alisema shikamoo, akaigeuza miguu juu, akanikabidhi kisu.

Niliikagua siku nzima. Nilikwangua rangi kila maungio, nikafungua beringi moja moja, nikabadilisha mbili, nikasafisha breki, nikapima shokapu na kuipima tena. Haikuwa na kosa. Nilipomwambia hivyo hakuondoka. Alikwenda mezani, akaipekua mpaka akaipata tupa ndogo ya pembe tatu, akaniwekea mkononi.

"Weka alama zako," akasema.

"Mwalimu, baada ya yale yote?"

"Kwa sababu ya yale yote. Nikianguka, nataka aibu ijue pa kwenda."

Nikainama, nikakata. Mkato wa tatu ulipinda kidogo, mtauona mkitazama.

Jumapili iliyofuata alishuka kutoka Kamachumu. Mimi nilipanda bodaboda mpaka Muhutwe, nikasimama pale njia inapotokea, mvua ikininyeshea, sina sala nyingine zaidi ya kuhesabu beringi. Alitokea ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Alisimamisha baiskeli mbele yangu, akaupandisha mkono wa lile bega juu ya kichwa, akaushusha. Kisha akaniuliza kama nimekuja na mwavuli. Sikuwa nao.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa. Masika yale nikafunga sanduku la spana.

Wiki iliyopita nilipita karakana wakati mmekwenda kula. Baiskeli sita mlizomaliza zilikuwa zimeegeshwa ukutani, zimefutwa, zinang'aa. Niligeuza moja baada ya nyingine. Sikuona alama hata moja. Tupa niliyowaachia kwenye ndoano iko palepale, haijaguswa, na msiniambie ni unyenyekevu.